Umeshusha Springi, Umeweka Turbo: Je, Bima Yako Inaijua Hiyo Gari?

Wasee wa ndai, leo tukae chini tuongee bila makelele.

Tangu NTSA ilete rasimu ya kanuni za ukaguzi wa magari mwaka 2025, story mtaani imekuwa moja tu: karao wanatafutiwa sababu mpya ya kutusimamisha. Rasimu ilisema gari ya kibinafsi ikishapita miaka minne tangu itengenezwe, iende ikaguliwe. Na hiyo miaka minne haikutoka hewani. Sheria ya Trafiki ilikuwa imeitaja kitambo, ni vile tu kwa gari za kibinafsi hakuna mtu alikuwa anafuatilia.

Sasa piga hesabu. Wengi wetu tunanunua gari ya Japan ikiwa na miaka sita, saba. Siku inatoka bandarini Mombasa tayari imepita hiyo minne. Kwa hivyo karibu kila mtu mwenye ndai yuko ndani ya hii story.

Lakini kama wewe ni wale wa kubadilisha gari, ukaguzi sio kitu ya kwanza ya kukunyima usingizi. Ukaguzi utakula siku yako moja na pesa kidogo. Bima ndio inaweza kukula miaka. Ju gari iko kwa karatasi na gari iko kwa barabara zinaweza kuwa gari mbili tofauti kabisa, na siku ya ajali kampuni ya bima inajua moja tu.

Tunapenda nguvu, tunasahau kilo

Kwanza tuelewane kwa nini watu hubadilisha gari. Kenya ukisema gari ya mbio, mtu anafikiria Subaru, turbo, na ekzosti ya kuamsha mtaa mzima. Iko sawa. Lakini kuna shule ingine inasema hivi: badala ya kuongeza nguvu, punguza uzito.

Hii shule tunaijua hata hapa nyumbani, tumesahau tu. Safari Rally ya 1993, Subaru walileta Vivio, kagari kadogo ka injini ya 660cc. Mmoja wa madereva alikuwa Colin McRae, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia. McRae hakumaliza. Patrick Njiru, Mkenya wetu, alimaliza wa 12 kwa jumla na akashinda darasa lake. Na gari ya 660cc, manze. Kwa Safari ile ya zamani, si hii ya siku hizi.

Huko Uingereza hiyo shule iko na gari yake maarufu. Mwaka 1957 Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alitoa Lotus Seven. Haina milango ya maana, haina paa la chuma, ni chasisi ya mabomba, injini, viti viwili na upepo. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham, iliyokuwa inaiuza, ikachukua haki za kuitengeneza, na mpaka leo bado inaitoa. Toleo linaloitwa Seven 170 lina uzito wa kilo 440 hivi na injini ya Suzuki ya 660cc yenye turbo. Injini ya ukubwa ule ule unaupata kwa vigari vidogo vya Japan.

Nguvu yake ni farasi 84. Unacheka? Ngoja. Farasi 84 kwa kilo 440 ni kama farasi 190 kwa kila tani. Sasa chukua gari ya farasi 250 yenye kilo 1,500. Hiyo inabaki na kama 167 kwa tani. Kagari ka Suzuki kanaishinda kwa hesabu, kanakula mafuta kidogo, na breki zake hazina mzigo mkubwa wa kusimamisha.

Kitu kingine cha hiyo Seven ndio kinatuhusu zaidi. Unaweza kuinunua ikiwa vipande ndani ya maboksi, ukaiunganisha mwenyewe kwa garage yako. Hiyo ilianza kama njia ya kuepuka kodi: zamani Uingereza ilikuwa na kodi ya ununuzi kwa gari kamili, lakini gari ya vipande haikuwa inatozwa hiyo kodi. Kodi yenyewe ilifutwa 1973 VAT ilipoingia. Tabia ya kujijengea ikabaki.

Wenzetu walifungua mlango

Hapa ndio nataka uskize poa. Mtu wa Uingereza akimaliza kuunganisha gari yake, haingii tu barabarani akiomba Mungu asikutane na polisi. Kuna mtihani unaitwa IVA, ukaguzi wa gari moja moja. Mkaguzi anaangalia breki, taa, vioo, usukani, mikanda, moshi, kelele, hata kona za chuma zenye makali zinazoweza kumkata mtu wa miguu. Ukianguka, unarudi kurekebisha. Ukipita, unaenda kusajili.

Gari ikiwa ya vipande vya zamani visivyojulikana vimetoka wapi, inapewa namba inayoanza na herufi Q. Hiyo Q inaambia kila mtu: hii gari umri wake haueleweki, lakini serikali inaijua. Na kwa gari zilizobadilishwa sana, kwa miaka mingi walitumia hesabu ya pointi. Ili ubaki na namba yako ya mwanzo ulihitaji pointi 8, na 5 kati ya hizo zilitoka kwa chasisi ya asili. Injini ilikuwa na pointi 1 tu. Yaani machoni pa serikali yao, roho ya gari ilikuwa chasisi. Injini unaweza kubadilisha bila gari kupoteza jina lake, bora tu useme.

Matokeo yake ni kwamba kampuni za bima huko zina mikataba ya gari za kujijengea. Mnakubaliana thamani mapema, unasema utaendesha maili ngapi kwa mwaka, unataja kila kitu umeongeza. Kampuni inaweza kukubali ju kuna karatasi ya mkaguzi inasema gari iko sawa.

Sasa rudi hapa kwetu. Milango yetu ni miwili hasa. Wa kwanza ni wa gari za kutoka nje: isizidi miaka minane, usukani uwe kulia, ikaguliwe kabla ya kupanda meli. Mlango wa pili ni wa kampuni kubwa zinazounganisha gari hapa, kama zile za Thika, Mombasa na Nairobi. Msee wa Umoja mwenye mashine ya kuchomelea na akili timamu hajaandikiwa mlango wake. Na ile Seven ya mwaka 1990 unaona ikiuzwa bei poa Uingereza, hiyo sahau, sheria ya miaka minane imeshaifungia nje.

Kwa hivyo vijana wetu wanafanya kitu kimoja. Wananunua gari ya kawaida yenye karatasi safi, halafu wanaijenga upya juu ya hizo karatasi. Logbook inasema gari ya familia. Chini ya boneti kuna kitu kingine.

Karatasi inasema nini

Logbook yako inataja vitu vya wazi: namba ya chasisi, namba ya injini, rangi, aina ya body, cc. Ukibadilisha chochote kati ya hivyo, unafaa kuiambia NTSA ili rekodi ibadilishwe. Huduma zao siku hizi ziko eCitizen. Injini mpya inataka ukaguzi na risiti ya mahali ulipoitoa, na usiseme ni serikali inakusumbua bure. Injini za gari zilizoibiwa huenda wapi, unadhani? Namba ya injini ndio inalinda hata yako siku ikiibiwa.

Shida ni vile vitu logbook haina nafasi yake. Springi zimekatwa. Turbo imeongezwa kwa injini ile ile. Kompyuta ya injini imeandikwa upya. Rimu kubwa, viti vya nyuma vimetolewa ili gari iwe nyepesi. Hakuna mstari wa hivyo kwa logbook, kwa hivyo watu wanadhani hakuna haja ya kuvisema popote.

Hapo ndipo watu wengi wanaingia mtegoni. Logbook haina nafasi, lakini bima inayo.

Siku ya ajali, wacha nikuonyeshe venye huenda

Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli. Wewe ndio unaijua gari, kampuni inaamini unachosema, halafu inapiga bei. Jambo lolote ambalo lingefanya waongeze bei au wakukatae, unafaa kulisema hata kama fomu haijakuuliza vizuri. Turbo ni jambo kama hilo. Kukata springi pia.

Tuseme una hatchback. Uliinunua 900,000, ukaiingizia vitu vya 400,000. Kwa bima umeandika 900,000 na ukasema ni gari ya kawaida ya kwenda job. Ajali inatokea. Asesa anakuja, anainama, anaona springi, anaona turbo, anapiga picha. Mambo matatu yanaweza kufuata.

Moja, gari ikiisha kabisa, pesa za juu unazoweza kuona ni zile za 900,000 uliyoandika, wakitoa excess kwanza. Ile 400,000 ya vitu imeenda na upepo.

Mbili, kama mkataba wako una kipengele kinaitwa average, hata uharibifu mdogo utakuuma. Gari ya 1,300,000 imeandikwa 900,000, maana yake umeilipia bima kama asilimia 69. Ukarabati ukiwa 300,000, wanaweza kukulipa sehemu hiyo hiyo tu, kama 208,000, na bado excess haijatolewa. Hiyo ingine ni yako na fundi.

Tatu, na hii ndio noma zaidi, wanasema ulificha na wanakataa kulipa gari yako hata bob.

Ukisema haina noma, nitakula hasara yangu, fikiria mtu uliyemgonga. Sheria ya bima ya third party, ile Cap 405, inataka kila gari barabarani iwe na hiyo bima ili yule wa boda, yule mama wa miguu, asiachwe mataani. Kiwango ambacho sheria inalazimisha kinafika milioni 3 kwa mtu mmoja. Korti ikimpa majeruhi milioni 5, hiyo mbili ya juu inakuangalia wewe. Halafu hiyo sheria hiyo hiyo inaipa kampuni nafasi ya kwenda kortini kuomba itangazwe kwamba bima ilipatikana kwa kuficha jambo kubwa. Wakishinda, wanatoka kwa hiyo kesi. Anabaki majeruhi, unabaki wewe, na kashamba kenu ka ushago.

Kwa hivyo ile siri ya turbo haikuhusu wewe peke yako. Kuna mtu hata hamjuani ambaye matibabu yake yanategemea ulivyojaza fomu.

Kuna hii ya mashindano pia

Soma mkataba wako wa bima leo. Karibu kila mkataba wa gari ya kibinafsi una mstari unaokataa mbio, majaribio ya mwendo na mambo kama hayo. Haijalishi kama mbio ni rasmi ama ni ya saa nane usiku kwa bypass. Mashindano rasmi yaliyo chini ya KMSF angalau yana utaratibu: gari inakaguliwa kabla, kuna marshal, kuna ambulensi, na kuna mtu wa kuuliza kuhusu bima ya siku hiyo. Mbio za usiku Thika Road hazina hata moja ya hizo. Na watu wanaoishi kando ya barabara wanalala na watoto, wanaamka job. Kanuni za kelele za 2009 chini ya NEMA ziko upande wao, si wako.

Ukiwa na gari imekuwa ya mbio kabisa, yaani viti vimetolewa, tairi ni za mashindano, kelele imepita kiasi, acha kuiendesha kwenda mashindano. Ibebe.

Kubeba gari nayo ina kazi yake

Hapa Kenya wengi wataita breakdown ya kubeba mgongoni, na kwa mtu wa mashindano mawili matatu kwa mwaka hiyo ndio bei nafuu. Lakini kama unataka trela lako, jua vitu vifuatavyo.

Trela si kamba. Linasajiliwa lenyewe, ndio maana unaona zile namba zinaanza na Z. Ukinunua la kuchomelewa mtaani bila karatasi, umerudi pale pale kwa shida ya kwanza.

Usidanganyike kwamba gari nyepesi inabebwa na trela lolote. Uingereza, trela lisilo na breki zake haliruhusiwi kupita kilo 750 likiwa na mzigo. Sasa chukua ile Seven ya kilo 440, ongeza trela tupu la kilo kama 300, ongeza tairi za ziada, jeki na mafuta. Umeshapita. Na hiyo ni moja ya gari nyepesi kabisa zinazouzwa. Gari yako ya kilo 1,000 inataka trela lenye breki, hakuna mjadala, hasa ukikumbuka mteremko wa kwenda Mai Mahiu.

Kufunga nako, funga kwa tairi, si kwa bampa wala springi. Gari ikiwa imefungwa kwa body inadunda juu ya springi zake, mikanda inalegea, na kufika Limuru inacheza. Mzigo uegemee mbele kidogo ya ekseli ya trela. Ukiegemea nyuma, trela linaanza kupepesuka mkia ukiwa na mwendo, na ukifika hapo kulirudisha ni ngumu sana. Simama baada ya kilomita chache, kaza tena. Gari iliyoshushwa nayo inataka ngazi ndefu za kupandia, la sivyo bampa ya mbele inabaki chini.

Na uliza swali hili kwa maandishi: gari ikiwa juu ya trela, nani anaifunika? Bima ya gari inayovuta inaweza kulipa mtu mliyemgonga na isilipe gari iliyo mgongoni. Bima ya gari iliyobebwa nayo inaweza kusema haikuwa inaendeshwa. Pata jibu kabla ya safari.

Basi ufanyeje?

Sikuambii uache. Gari iliyojengwa vizuri inaweza kuwa salama kuliko ile ya kawaida yenye tairi kipara. Fanya hivi.

Anza na breki, tairi na mashoki kabla ya nguvu. Fundi akikuambia turbo kwanza, breki tutaona baadaye, tafuta fundi mwingine.

Weka risiti zote na picha za kila hatua. Ukinunua Grogan, omba risiti hata kama anakuangalia vibaya.

Andikia broka ama kampuni ya bima barua au email ukitaja kila kitu umebadilisha, uombe wajibu kwa maandishi. Simu haitoshi. Kama wanaongeza bei, hiyo bei ndio gharama halisi ya turbo yako, na afadhali ujue kabla hujainunua.

Fanya valuation upya baada ya kazi kuisha, ili thamani kwa mkataba ifanane na gari iliyosimama hapo nje.

Rangi, body au injini ikibadilika, peleka NTSA. Usingoje roadblock ikukumbushe.

Na kwa NTSA pia tuna ombi. Kama mnataka kukagua kila gari, kuleni mfano wa IVA: wekeni dirisha la gari zilizobadilishwa. Kijana alete gari, mkaguzi aiangalie breki, chasisi, taa na kelele, ikipita aandikiwe karatasi inayotaja mabadiliko yake, ikianguka aambiwe kwa nini. Kampuni za bima zitakuwa na kitu cha kupigia bei, na fundi mzuri wa jua kali atajulikana kwa kazi yake. Mkileta ukaguzi wa kufukuza peke yake, watu watafanya vile wamezoea: springi za kawaida asubuhi ya ukaguzi, zile zilizokatwa jioni. Na yule wa boda atabaki bila mtu wa kumlipa.

Mpaka hiyo dirisha ifunguliwe, kazi iko kwako. Usiku wa leo toa mkataba wako wa bima, tafuta mahali gari yako imeelezwa, halafu toka nje uiangalie. Kama hizo mbili hazifanani, kesho saa mbili asubuhi broka atakuwa amefungua ofisi.